Fedha Zilikwenda Mji wa Kale

Tarehe 1 Januari 1889, siku ya mwaka mpya, watu walikusanyika Rabai, kwenye vilima vya bara nyuma ya Mombasa, kupokea karatasi. Walikuwa zaidi ya 1,400. Wote walikuwa watoro, yaani watumwa waliowakimbia mabwana zao wa kisiwani na wa mashamba ya pwani wakaenda kujisitiri kwenye misheni za Kikristo, wengi wao hapo Rabai kwa mchungaji William Jones, ambaye naye aliwahi kuwa mtumwa. Aliyezigawa karatasi hizo alikuwa George Mackenzie, mkuu wa Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki hapa pwani. Aliyeishika karatasi yake alikuwa huru, na bwana wake hakuwa na dai tena juu yake. Hakuna hata mmoja aliyetakiwa kutoa senti.

Walilipiwa. Kampuni ilitoa fedha, serikali ya Uingereza ikatoa, mashirika ya misheni na marafiki zao wakachanga, na kila bwana akahesabiwa fidia ya watu wake.

Haikuwa huruma tupu. Miezi michache nyuma wenye watumwa wa Mombasa walikuwa wamechoka kuona mali yao ikivuka maji na isirudi, na maneno ya kwenda kuzivamia misheni yalikuwa yanatembea mjini. Kusini, Pangani, Abushiri alikuwa amekwisha kuwainua watu dhidi ya Wajerumani. Kampuni ndiyo kwanza ilikuwa imefungua kazi Mombasa, na haikutaka moto ule uvuke mpaka. Mackenzie akapiga hesabu: kuwalipa mabwana ni nafuu kuliko kupigana nao. Kisha misheni zikatakiwa zisipokee watoro tena. Aliyetoroka kabla ya fidia alipata karatasi. Aliyetoroka baadaye alirudi kuwa mali ya mtu.

Nimekitaja kisa hiki kwa sababu ni mfano ambao mhubiri yeyote wa pwani angeuonea wivu. Tumelelewa na fundisho kwamba neema ya Mungu haiuzwi. Hailipiwi kwa matendo, wala kwa ukoo, wala kwa kufunga. Papo hapo tumefundishwa kwamba ilimgharimu Mungu Mwana wake. Watoto wa darasa la ubatizo huyakariri yote mawili bila tabu, kisha mtu mzima anakaa nayo usiku mmoja na kuona hayalali kitanda kimoja. Ni bure au ni ghali? Rabai inajibu haraka: bure kwa aliyepokea, ghali kwa aliyelipa. Mhubiri anaweza kusema amina, akashuka madhabahuni.

Mimi nataka akae kidogo. Nataka aulize fedha zile zilikwenda kwa nani.

Zilikwenda kwa mabwana. Mtu aliyetekwa mtoto huko Nyasa, akapelekwa pwani kwa miguu, akauzwa, akalimishwa mtama na minazi miaka yote ya nguvu zake, alipata karatasi. Mtu aliyemlimisha alipata fedha. Siku hiyo hakuna aliyeuliza mishahara ya miaka ile iko wapi, na hata watu wa misheni, waliokuwa wakiomba usiku na mchana jambo hili litokee, sijaona dalili kwamba walidhani kuna swali limebaki.

Kanisa la kale lilikwama mahali hapohapo. Ikiwa Kristo ni fidia, fidia hiyo ilikabidhiwa nani? Katika karne ya 4 Gregori wa Nisa alijibu kwamba ni Shetani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimshika mwanadamu. Rafiki yake, Gregori wa Nazianzo, alilikataa jibu hilo kwa ukali: ni aibu mnyang'anyi apokee malipo, tena malipo makubwa kiasi hicho, kwa kitu alichokinyang'anya. Miaka mia saba baadaye Anselm wa Canterbury aligeuza hesabu yote, akasema deni lilikuwa kwa Mungu mwenyewe, aliyevunjiwa heshima. Wanateolojia wanaendelea. Mimi sina elimu ya kuwaamua, lakini nikiwa nimesimama Mombasa namwelewa yule wa Nazianzo kuliko wenzake wote. Hapa malipo ya mnyang'anyi si nadharia. Yalihesabiwa kwa fedha, na waliolipwa walikuwa mabwana.

Swali hili halinitoki vitabuni peke yake. Ukiishi kisiwani, utaulizwa na jirani. Mombasa si mahali ambapo Mkristo anaweza kusema mambo ya imani yake akidhani kila anayemsikia ataitikia kwa kichwa. Msikiti uko nyuma ya nyumba, na wanaoujaza ni watu wanaojua kujadili. Jioni moja nilikuwa nimekaa barazani, Ndia Kuu, na mzee mmoja ambaye hunikaribisha nikipita. Muuza kahawa alikuwa amekwisha kutumiminia mara mbili, dele likiwa juu ya makaa, na sahani ya kashata katikati yetu. Mzee hakuzunguka.

"Mwanangu, hebu nieleze. Nyinyi mtu akiiba mbuzi wangu, kisha akaenda kanisani akalia, Mungu humsamehe?"

"Humsamehe, mzee."

"Hapo hapo?"

"Hapo hapo."

"Na mbuzi wangu?"

Nilicheka, naye akacheka, lakini alikuwa akingoja jibu. Kisha akanieleza lake, kwa upole wa mtu anayemfundisha kijana wa nyumba ya pili. Kuna haki ya Mwenyezi Mungu na kuna haki ya mja. Ya kwake Mungu husamehe apendavyo, Yeye ni Mwingi wa rehema. Ya mja haifutwi mpaka aliyedhulumiwa arudishiwe chake au asamehe mwenyewe kwa ridhaa yake. Nikamwambia habari za Zakayo mtoza ushuru, katika Injili ya Luka: Yesu alijialika nyumbani kwake kabla hajatubu neno lolote, na yeye ndiye aliyesimama, bila kuagizwa, akaahidi nusu ya mali yake kwa maskini na kurudisha mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Mzee alinyamaza kidogo. "Huyo," akasema, "huyo ni muungwana." Akaniongeza kahawa.

Tangu hapo nimeona Zakayo ana jambo ambalo mjadala wetu wa bure na ghali huliruka. Yesu hakumtoza kitu. Lakini neema ilipoingia mlangoni, waliofaidi kwanza kwa mfuko walikuwa watu wa mtaa aliowaibia. Rabai ilikwenda kinyume: aliyedhulumu alilipwa, na aliyedhulumiwa akaambiwa ashukuru.

Sitaki nionekane nabeza kilichotolewa Rabai. Karatasi ile ilikuwa uhuru, na mtu aliyelala akiogopa kila mbwa anayebweka hawezi kuambiwa na mwandishi wa leo kwamba ilikuwa nusu. Wala sitaki kupunguza neno bure. Nalipenda. Katika Rabai hiyohiyo, mtu wa kwanza aliyebatizwa na wamisionari Krapf na Rebmann alikuwa Mringe, mlemavu, aliyebatizwa mwaka 1851 akiwa mahututi. Johann Ludwig Krapf alikuwa amefika Mombasa mwaka 1844. Miaka saba ya kazi, na tunda la kwanza ni mtu asiyeweza kujenga kanisa, asiyeweza kuhubiri, asiyeweza hata kuishi mpaka mwezi ufuatao. Bodi yoyote ya wafadhili leo ingesema mradi umeshindwa. Kwangu Mringe ni hoja yenye nguvu kuliko kitabu chochote cha teolojia kwamba neema haiwi mshahara wala mkopo. Alipewa, akafa. Hakukuwa na wakati wa kumtoza.

Gharama ya upande wa pili iko ng'ambo ya maji. Krapf alikuwa hajamaliza miezi mitatu Mombasa alipomzika mkewe, Rosine, Julai 1844, na mtoto wao mchanga akafuata siku chache baadaye. Makaburi yako Mkomani, upande wa Nyali, yakikitazama kisiwa. Kanisa Kuu la Ukumbusho la Waanglikana, lililokamilika mwaka 1905 kwa kuba na matao ambayo mgeni huyadhania ya msikiti, nalo ni jengo la wafu: lilijengwa kumkumbuka Askofu James Hannington, mrithi wake Henry Parker, na Alexander Mackay wa Uganda. Hannington aliondoka pwani mwaka 1885 kwenda Buganda kwa njia ya Umasai, akauawa Busoga tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo. William Jones alikuwa katika msafara huo. Ndiye aliyewarudisha Rabai waliobaki.

Na wapagazi je? Pamoja na askofu waliuawa karibu watu hamsini, wengi wao watu wa pwani waliokubali mzigo kwa ujira. Hannington alikuwa amekwisha kuihesabu gharama yake, aliipenda hata. Wao walihesabu mshahara. Tunapohubiri kwamba neema ni ghali, kwa kawaida tunataja jina la askofu. Majina ya wale waliolipa pamoja naye bila kuulizwa, waulize waumini kumi wakitoka ibadani Nkrumah Road. Sidhani utapata moja.

Mtetezi mkubwa wa neema ghali katika karne iliyopita ni Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani, ambaye mwaka 1937, Hitler akiwa madarakani, alichapisha kitabu akilishambulia kanisa lake kwa kugawa msamaha usiomdai mtu chochote: ubatizo bila nidhamu, meza ya Bwana bila toba. Alinyongwa tarehe 9 Aprili 1945 katika kambi ya Flossenbürg, kwa hiyo ana haki ya kusikilizwa. Lakini maneno yake yalikuwa ya watu walioshiba ukristo karne nyingi. Yakiletwa Mombasa bila kupimwa, yanaangukia historia nyingine, historia ya watu waliobatizwa na wenye bunduki.

Fort Jesus ni kumbukumbu ya hilo. Wareno waliianza mwaka 1593, wakaipa jina la Yesu. Mwaka 1614 Sultani Hasan bin Ahmad, aliyegombana nao, aliuawa kwa njama zao, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf, mtoto mdogo, naye alipelekwa Goa, akalelewa na watawa wa Mt. Augustino, akabatizwa Jerónimo. Mwaka 1626 walimrudisha Mombasa awe mfalme Mkristo. Zilianza habari kwamba huenda kaburi la babake usiku na kuomba dua kwa Kiislamu, na kapteni wa ngome akapanga kumshitaki. Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, Pedro Leitão de Gamboa, kisha katika siku zilizofuata Wakristo wa mji wakapewa hiari: Uislamu au kifo. Waliouawa, Wareno na Waafrika, wanaume, wanawake na watoto, hutajwa kuwa karibu 300. Kanisa Katoliki linawaita Mashahidi wa Mombasa, na ushahidi juu yao ulianza kukusanywa Goa muda mfupi baada ya mauaji.

Watu wale walilipa bei kamili, na Waafrika miongoni mwao sidhani walikuwa na deni lolote la kichwa cha Hasan. Nawainamia. Lakini siwezi kupita pale getini bila kumfikiria yule mtoto wa Goa pia. Alipewa neema na mikono iliyomuua babake. Ubatizo wake ulikuwa bure kwa maana ya kwamba hakuutolea fedha, na ulikuwa ghali kwa namna ambayo hakuna padri aliyemwuliza. Hakuna aliyemrudishia mbuzi wake. Jeuri yake ya 1631 haina udhuru, na aliishia haramia wa baharini, akafa 1638. Walimu wake walimfundisha msamaha miaka mingi bila kumwomba yeye awasamehe.

Ukivuka daraja la Nyali leo utafika Kengeleni, mahali palipopata jina kwa kengele ya Frere Town, makazi ambayo Church Missionary Society iliyafungua mwaka 1875 kwa watumwa waliokombolewa baharini na manowari za Uingereza. Kengele bado ipo. Hapo watu waliambiwa kila Jumapili kwamba wokovu ni zawadi. Siku za kazi palikuwa na sheria, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 ikajulikana kwamba msimamizi, J. R. Streeter, amekuwa akiwachapa watu viboko na kuwafunga, mpaka ikabidi aondolewe. Watu waliotoka kwenye mjeledi wa bwana wakaingia kwenye mjeledi wa mwokozi. Kilichonisumbua niliposoma habari hizi si ukatili wa mtu mmoja, maana wakatili wako kila mahali, bali hesabu iliyokuwa kichwani mwake: wamepewa sana, kwa hiyo wanadaiwa sana, na mkusanyaji wa deni ni mimi.

Hesabu hiyo haikufa na Streeter. Luther alipambana nayo mwaka 1517 Tetzel alipokuwa akiuza vyeti vya rehema, na ilichukua mpaka tarehe 31 Oktoba 1999, huko Augsburg, Wakatoliki na Walutheri kutia saini tamko kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema, si kwa stahili yake. Wiki hiyohiyo, nina hakika, kuna mahali Mombasa mtu aliambiwa apande mbegu ili abarikiwe. Siku hizi mbegu hupandwa kwa simu. Namba ya malipo imeandikwa kwenye bango nyuma ya mhubiri, kubwa kuliko aya ya siku. Mama anayekaanga viazi Marikiti anatuma shilingi za mtaji wa kesho, akiamini Mungu atazirudisha na faida. Asiporudishiwa ataambiwa imani yake ilikuwa ndogo.

Kuna na upande mwingine, wa bei isiyolipwa kwa fedha. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, saa chache kutoka hapa, serikali ilifukua zaidi ya miili 400, watoto wakiwemo. Mashtaka yanasema walifundishwa kufunga mpaka kufa ili wamwone Yesu. Baada ya Shakahola sitaki tena kusikia mtu akisifu neema ghali bila kueleza, kwa majina, nani analipa na nani anapokea. Mhubiri anayesema gharama huku yeye akila, huyo hatuna haja ya kuchambua teolojia yake.

Wale ambao naona waliikaribia njia ya Zakayo hawakuwa wasomi. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa 1930, na akina Simeoni Nsibambi na Joe Church, ukasambaa Uganda, Kenya na Tanganyika, ulikuwa na udhaifu wake; ndugu wa uamsho waliweza kukuchosha kwa maungamo ya hadharani. Lakini mtu akiokoka alirudisha. Shuka zilizochukuliwa hospitalini, vijiko vya nyumba ya mwajiri, pesa za ushirika, ng'ombe wa jirani: vilirudishwa mchana, mbele ya watu. Hawakudai kwamba wananunua wokovu kwa vijiko. Walisema wamekwisha kuupata, ndiyo maana mikono haiwezi kuvishika tena. Katika miaka ya 1950, wakati wa Mau Mau, wengi wao huko Kenya ya kati walikataa kiapo na papo hapo wakakataa kushika bunduki za serikali, na baadhi yao waliuawa kwa hilo.

Mzee wa Ndia Kuu angewaelewa mara moja. Nami, kama Mkristo, ningemwambia jambo moja ambalo hatukubaliani: mbuzi hurudishwa baada ya msamaha, si kabla, kwa sababu mtu aliyebanwa na deni hurudisha kwa hofu, na akiweza atakuficha mmoja. Lakini arudishwe. Kanisa linalotangaza msamaha wa bure mahali palipojaa watu walioporwa ardhi, jasho na majina, lisipowauliza watu wake wamerudisha nini, linaendesha ile hesabu ya Mackenzie: linanunua utulivu, na bei analipwa asiyestahili.

Mwaka 1907 serikali ya kikoloni iliifuta kisheria hali ya utumwa katika ukanda wa pwani, Mombasa ikiwemo. Sheria hiyo iliweka fidia. Waliopewa haki ya kuidai walikuwa wenye watumwa.